Kijana akipata dharura ya akili, si lazima alazwe. Tuzungumze njia nyingine na zinahitaji nini

Muuguzi_Mkoani:

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa, Tanzania Bara. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatangazwe simu haipoi, na wanaopiga wana swali lilelile: mtoto kasema hataki kuishi, au kajikata mikono, au halali usiku kucha anaongea peke yake, sasa tumpeleke Mirembe, ile hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili kule Dodoma? Nimeona nijibu hapa kwa kirefu, maana swali lenyewe limebeba kosa kubwa, kwamba kuna mambo mawili tu: kumlaza au kumwacha. Katikati ya hayo mawili kuna kazi nyingi, na huko ndiko vijana wengi wanakopona.

Kwanza wenye mgonjwa ndani sasa hivi. Kama kijana amekunywa kitu, ameumia, hataki kula wala kunywa maji, ameshika silaha, au anasema atajiua leo na hakuna mtu wa kukaa naye, acheni kusoma, nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Na kama amechanganyikiwa ghafla huku mwili una joto, hiyo si habari ya majini wala ya akili mpaka apimwe. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka na kifafa vyote vinaweza kumfanya mtu aongee ovyo na kupiga watu. Ugonjwa huo unataka dripu na vipimo, na kila saa inayopotea kwenye maombi au kwa mganga inaweza kuua au kumwacha mtoto na ulemavu. Nimelisema hili mwanzo kwa makusudi.

Sasa waliobaki, ambao ndio wengi. Sisemi wodi ni mbaya, nafanya kazi humo na nimeona ikiokoa watu. Wodi inampa kijana usingizi, dawa kwa wakati, na macho ya watu saa zote. Lakini haigusi kilichomfikisha hapo. Ugomvi na baba bado upo nyumbani, ada bado inadaiwa, wanaomcheka bwenini bado wapo, na akitoka anarudi palepale. Hospitali nyingi za mikoa hazina wodi ya vijana peke yao, hivyo binti wa miaka 15 analala chumba kimoja na watu wazima wenye maradhi mazito, na anayoyaona humo hayamsaidii. Halafu kuna umbali. Familia ya Kigoma au Mtwara ikimpeleka mtoto Dodoma, nani atamtembelea? Na mtaani jina la Mirembe likishamgusa mtu linamfuata hadi siku ya kuposa.

Kuna wanaodhani kumtibia mtu nyumbani ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1954 pale Aro, Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa kwenye vijiji vinavyoizunguka hospitali. Kila mgonjwa alikaa na ndugu yake katika nyumba ya mwanakijiji, mchana anaenda hospitali kwa matibabu, jioni anarudi kupika na kulala na watu wake. Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili tangu miaka ya mwisho ya 1960, na miaka ya 1980 mpango wa taifa ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na Denmark ulianzia Morogoro na Kilimanjaro, kwa nia ya kuishusha huduma hii hadi zahanati. Wazee waliotufundisha walitoka katika kazi hiyo. Kwa hiyo tunazungumza kitu ambacho nchi hii imewahi kukijaribu yenyewe.

Kwa upande wa ushahidi, niwaambie ninaouamini. Charleston, Marekani, walichukua vijana ambao tayari walikuwa wameamuliwa kulazwa kwa dharura ya akili. Baadhi wakalazwa, wengine wakapewa mtaalamu anayekwenda nyumbani na kupatikana kwa simu usiku na mchana, akiwa na familia chache tu mikononi. Matokeo yakaanza kutolewa mwaka 1999: zaidi ya nusu ya waliotibiwa nyumbani hawakulazwa kabisa katika kipindi cha dharura. London nako, utafiti wa mwaka 2018 ulifuatilia vijana 106 wa miaka 12 hadi 17. Dalili za ugonjwa hazikutofautiana sana kati ya waliobaki na huduma ya kawaida ya wodi na waliotolewa mapema wakafuatiliwa nyumbani na timu. Ila hawa wa nyumbani walirudi shule vizuri zaidi, na wachache zaidi kati yao waliendelea kujidhuru mara kwa mara.

Lazima niseme na upande wa pili. Wale wa Charleston walipofuatiliwa zaidi ya mwaka, tofauti nyingi kati ya makundi mawili zilikuwa zimefifia. Mimi nausoma hivi: matibabu ya nyumbani hayaondoi ugonjwa, yanamvusha kijana dharura bila kumkata na shule, rafiki na ndugu. Baada ya hapo bado anahitaji huduma ya muda mrefu, sawasawa na aliyelazwa.

Je, hiyo timu inafanya nini hasa? Mfano mzuri ni wa Tornio, kaskazini ya Finland, kazi iliyoanza miaka ya 1980. Simu ikipigwa, timu inakutana na familia ndani ya saa 24, mara nyingi sebuleni kwao. Anaitwa baba, mama, shangazi, hata mwalimu au rafiki ikiwa kijana anataka. Kila mtu anasema anachokiona, mgonjwa yupo na anasikia yote, hakuna kikao cha pembeni cha wataalamu. Na waliokuja siku ya kwanza ndio hao hao wanaoendelea hadi mwisho. Nikiwaza hivyo naona mkutano wa ukoo unaoufahamu kila mmoja wetu, tofauti ni kwamba hapa anayezungumziwa ana haki ya kusema na hakuna wa kumkemea.

Halafu kuna mpango wa usalama. Unaandikwa na kijana mwenyewe, kwa maneno yake, kwenye karatasi moja. Dalili zangu zikianza huwa nahisi nini. Nifanye nini peke yangu nitulie. Niende wapi penye watu. Nimpigie nani, jina na namba, wa kwanza akikosa wa pili. Kituo gani cha afya kiko karibu na naendaje usiku. Mwisho, nyumbani kuna kitu gani cha hatari na nani atakiondoa. Marekani walichapisha mwaka 2018 utafiti wa askari wastaafu waliofika kitengo cha dharura. Waliopewa mpango wa namna hii na kupigiwa simu baada ya kuruhusiwa walipata matukio ya kutaka kujiua pungufu kwa karibu nusu katika miezi 6. Hao ni watu wazima, sio vijana, nalijua hilo. Lakini karatasi na simu havihitaji jengo.

Hicho kipengele cha mwisho msikipite haraka. Mawazo ya kujiua kwa kijana mara nyingi huja kama wimbi, linapanda na kushuka, na wakati limepanda kilicho karibu ndicho kinachoamua. Dawa za shambani, sumu ya panya, vidonge vya bibi vya presha, vyote vitoke ndani au vifungiwe na mtu mzima mmoja ashike ufunguo. Sri Lanka walipiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine, na kiwango cha kujiua nchini kikashuka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili. Kwetu wakulima hifadhi ya dawa ya pamba au ya nyanya ni suala la uhai wa watoto.

Na hili ndilo ninalotaka mlishike katika uzi huu: kumrudisha kijana nyumbani bila mtu wa kumfuatilia si mbadala wa kulazwa. Huko ni kumtelekeza. Daktari akikwambia "mpeleke nyumbani atapata nafuu" na hakuna tarehe, hakuna namba ya simu, hakuna aliyepangwa kumwona ndani ya siku chache, usiondoke mlangoni. Uliza.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu nikitoka zamu.

Mama_Naa:

Asante muuguzi. Binti yangu yuko kidato cha pili, anajikata mikono. Nilimpeleka hospitali, wakasema hana hatari ya haraka, wakatupa vidonge na kutuambia turudi baada ya mwezi. Tangu hapo silali. Nampekua mkoba, nimempokonya simu, nimemwondolea hata mlango wa chumba. Amenyamaza kabisa. Nifanyeje?

Muuguzi_Mkoani:

Pole sana mama. Mlango mrudishie, mwambie tu asifunge kwa komeo kwa sasa, na mkubaliane mpaka lini. Simu pia mpe kwa utaratibu, maana inawezekana rafiki anayemshikilia yuko humo ndani. Vyenye ncha na vidonge ndivyo vya kuondoa, na dawa zake mpe wewe mwenyewe kila siku, pakiti isikae kwake.

Usiku lala naye chumba kimoja wiki hizi za mwanzo, wewe au dada yake mkubwa, mkipokezana ili nawe upate usingizi. Muulize waziwazi: "Mwanangu, huwa unawaza kujiua?" Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Hakumpi. Wengi wanapumua, kwa sababu wamekuwa wakilibeba peke yao. Akisema ndiyo usilie mbele yake kwa muda mrefu na usimwambie "unanitia aibu". Mshukuru kwa kukuambia, kisha muulize kama ana mpango na kama ana kitu cha kuutekeleza. Akijibu ndiyo kwa hayo mawili, rudini hospitali siku hiyo hiyo.

Mwezi mzima ni mbali mno. Kesho rudi, uliza muuguzi wa kliniki ya akili au afisa ustawi wa jamii, omba aonwe ndani ya wiki. Kuna pia namba 116, ya simu kwa mtoto, haina malipo, na wewe mzazi unaruhusiwa kuipiga.

Kaka_wa_Tabora:

Mkuu nakuheshimu ila hili la nyumbani lina hatari zake. Mdogo wangu alianza kusikia sauti akiwa na miaka 19. Nyumbani wakamficha. Wakasema tumlee wenyewe, aibu. Akapelekwa kwa mganga, akafungwa mnyororo mguuni, akakonda. Mwaka mzima. Aliyemwokoa ni daktari aliyesema huyu alazwe leo. Watu wakisoma uzi wako watapata kisingizio cha kuficha wagonjwa.

Muuguzi_Mkoani:

Kaka, nakushukuru kwa kuliandika, na ulichosema ni kweli kabisa. Anayesikia sauti, anayeamini watu wanamfuata, huyo anahitaji dawa na anahitaji mapema. Kadiri ugonjwa unavyokaa bila tiba ndivyo unavyokuwa mgumu kutibika, na hilo limethibitishwa kwa tafiti nyingi. Yaliyompata mdogo wako hayakuwa matibabu ya nyumbani, yalikuwa ni kufungwa.

Ninachokizungumzia mimi kina mtaalamu, kina dawa, na kina mtu anayefika. Hata pale California, miaka ya 1970, Loren Mosher alipofungua nyumba ya kawaida iitwayo Soteria kwa vijana wenye saikosisi ya mara ya kwanza, yaani hali ya kusikia sauti au kuamini yasiyokuwepo, kulikuwa na watu wanaokaa nao usiku na mchana kama wenzao, wagonjwa wasiozidi sita au saba. Hakuna aliyeachwa. Kwa mgonjwa kama mdogo wako, akiwa anakula, anakubali dawa, hashambulii mtu, na ndugu wawili wanaweza kupokezana, zahanati inaweza kumwanzishia tiba na kliniki ikamfuatilia. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, alazwe. Na mnyororo popote ulipo ukatwe, ripoti kwa ustawi wa jamii.

Mwalimu_Malezi:

Mimi ni mwalimu wa malezi shule ya bweni ya wasichana. Kwetu mtoto akijidhuru uongozi unampa barua aende nyumbani "akapumzike mpaka apone". Anapanda basi peke yake safari ya mchana kutwa. Mimi moyo unaniuma lakini sina utaratibu mwingine wa kupendekeza. Nisaidie niseme nini kikaoni.

Muuguzi_Mkoani:

Mwalimu, hapo kwenye basi ndipo penye hatari kuliko popote. Mtoto ametoka kufedheheka, ana barua mkononi, anaenda kwa wazazi waliouza mbuzi kulipa ada. Asisafiri peke yake, hata kama ni kulipa nauli ya matroni. Mzazi aje, au matroni ampeleke na kumkabidhi mkononi.

Kikaoni sema hivi. Kwanza apimwe na mhudumu wa afya kabla ya uamuzi wowote. Ikiwa hana hatari ya haraka, anaweza kubaki shule, alale chumba cha matroni au karibu naye, apunguziwe vipindi kwa siku chache, apangiwe mwalimu mmoja anayemwamini wa kumwona asubuhi na jioni. Akienda nyumbani, barua iandike tarehe ya kurudi, na nafasi yake isiguswe. Lile neno "mpaka apone" kwa mtoto linasomeka "usirudi". Na jambo lake lisitangazwe paredi. Wenzake waliomwona wakusanywe wachache wachache waulizwe wao wanaendeleaje, maana jambo hili huambukizana bwenini.

Kenya kuna jambo la kujifunza. Kundi la Shamiri limewafundisha vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikao vifupi na wanafunzi, kuhusu kukua, shukrani na mambo mtu anayoyathamini, bila kuita ugonjwa wala mgonjwa. Majaribio yao yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Hiyo si tiba ya dharura. Lakini shule yenye vikao kama hivyo inamwona mtoto mapema, kabla hajafika huko.

Mzaramo_Leeds:

Salamu toka Uingereza. Kijana wangu alipata shida akiwa na miaka 16. Hakulazwa. Timu ya dharura ilikuwa inakuja nyumbani kila siku, wakati mwingine wawili, wanakaa naye dakika kama arobaini, wanaangalia dawa, wanatuuliza na sisi wazazi tumelalaje. Baadaye siku moja moja, halafu wakatukabidhi kwa kliniki. Ilitusaidia sana. Ila msidhani huku kila kitu ni laini. Kliniki ya kawaida kabla ya dharura tuliisubiri miezi mingi, na naamini angeonwa mapema tusingefika kule. Pia mimi nilikuwa naacha kazi nikae naye. Mama anayelipwa kwa saa hawezi.

Muuguzi_Mkoani:

Asante sana, hili la mwisho ni zito. Matibabu ya nyumbani yanahamisha kazi ya wodi na kuiweka mgongoni mwa familia, na kwa familia nyingi maana yake ni mama. Mpango wowote usiouliza "nani anakaa naye saa nne asubuhi, na huyo anakula nini" haujakamilika. Ndiyo maana napenda kuwaita shangazi, mjomba, mzee wa kanisa au imamu, jirani mmoja wa kuaminika, na kugawana zamu kwa majina. Ukoo wetu unajua kugawana zamu za msiba. Zamu hizi tuzigawane mtu akiwa hai.

Binti_Unguja:

Kwa huku Zanzibar niliona wahudumu wa kawaida wakifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi na kumsikiliza, ule mpango uliotoka Zimbabwe. Je, unafaa kwa dharura?

Muuguzi_Mkoani:

Dada, Benchi la Urafiki la daktari Dixon Chibanda lilianza Harare mwaka 2006, na bibi wa mtaani ndio waliofundishwa. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulihusu watu 573, na baada ya miezi 6 waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache sana kuliko wenzao. Kazi ya bibi ni kumsaidia mtu achague tatizo moja na hatua moja ya kulitatua. Anayetaka kujiua leo bibi hamshikilii peke yake, ana utaratibu wa kumpeleka kwa mkubwa wake. Mimi nauona unafaa zaidi baada ya dharura, wiki zile ambazo sisi hospitali tumeshamsahau na nyumbani wameshachoka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao. Wafundishwe hili, wapewe nauli ya bodaboda na vocha. Hapo mkoa tayari una timu.

Kijana_wa_Mbeya:

Samahani wakuu, naandika kwa ID mpya. Mwaka jana nilijaribu. Hospitali nilisema nilikunywa kwa bahati mbaya kwa sababu nilisikia ukisema ukweli unapelekwa polisi. Ni kweli?

Muuguzi_Mkoani:

Mdogo wangu, nafurahi uko hai na umeandika. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Naomba kwa moyo wote na chetu kiondoke, kwa sababu kinawafanya vijana watudanganye kama ulivyolazimika wewe, na sisi tunatibu tumbo tunaacha kilichokuleta.

Lakini kazi yangu si kukushtaki. Ukikaa na muuguzi au daktari wa akili, funga mlango, sema: "Yale ya mwaka jana hayakuwa bahati mbaya." Sentensi hiyo moja inatosha, mengine tutauliza sisi. Kama mawazo hayo yapo hata sasa, usisubiri Jumatatu, mwambie mtu aliye nyumba hiyo hiyo usiku huu akae na wewe, na asubuhi mwende wote. Nimekuandikia inbox. Niambie uko wilaya gani nikutafutie jina la wa kumwona.